Chatu akitoka usimtafute kimyakimya (jibu kwa dogo wa Buswelu)

Dogo, salamu baadaye. Umesema kikundi chenu cha ngoma kimepata chatu, na wewe ndiye utakayekaa naye kwenye chumba cha kupanga hapo Buswelu. Unauliza boksi liwe la kioo au la mbao, ale kuku au sungura, kila baada ya muda gani, na kama nyoka wa ngoma naye anahitaji kibali. Sawa. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, umeandika: "akichomoka si namtafuta kimyakimya tu, majirani wasije wakapaniki?"

Achana na boksi kwanza. Achana na sungura. Wazo hilohilo ndilo lililonihamisha kutoka Igombe, kule ziwani hapa Mwanza, na godoro kichwani.

Nilikuwa mtunza nyoka wa kikundi. Sikufundwa na Bayeye, wale wacheza nyoka wetu wa jadi. Nilikuwa mpiga ngoma tu, nikapewa kazi ya kulala na boksi kwa sababu sikuwa na mke wala mtoto wa kulalamika. Chatu wetu alikuwa jike, mita tatu na ushee, mpole kiasi kwamba tukienda kucheza Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora wazee walikuwa wanamwita mkwe. Boksi lilikuwa la mbao, mlango wa wavu wa kuku, komeo moja la bei rahisi. Mzee mmoja wa kikundi, simtaji maana bado yupo na bado anashauri watu, alinihakikishia kwamba chatu akishakuzoea hatoki, na hata akitoka anarudi, "anajua kwao."

Uongo mtupu. Chatu hana kwao. Ana joto na ana maficho. Ukimpa vyote viwili anakaa, akikosa kimoja anaondoka na haagi. Yule mzee amecheza na nyoka maisha yake yote, ila kulala nao hajalala hata siku moja, nyoka walikuwa wanalala kwa vijana kama mimi. Leo nikimkumbuka huwa natamani kumtumia lile komeo kwa basi.

Wiki hiyo macho ya nyoka yalikuwa yameingia ukungu wa bluubluu, dalili kwamba anataka kujivua gamba. Akiwa hivyo anasugua pua kila mahali apate pa kuanzia kuichana ngozi. Wa kwangu alisugua wavu, na wavu ulikuwa umeshikwa na misumari ya kukunja. Sasa kumbuka hiyo ni misuli inayombana mbuzi mpaka damu isizunguke. Asubuhi nikakuta kona moja imekunjwa kwa nje, tundu ambalo goti langu lingepita kwa shida. Mita tatu na ushee zote zimepita hapo na mimi nimelala kitanda cha pili nikikoroma.

Nikampigia mzee. Akaniambia: "Nyamaza. Ukisema watamuua, na wewe watakuchomea nyumba. Weka kuku kwenye boksi, acha mlango wazi, atarudi." Nikanyamaza. Mengine yote yaliyonipata baada ya hapo ni riba ya ule ukimya.

Dogo, umeshawahi kumtafuta nyoka kimyakimya? Uko kwenye matete na tochi usiku, jirani anakuuliza unatafuta nini, unasema simu. Usiku unaofuata, simu tena. Mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, kwani wewe una simu ngapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Na nilikuwa natafuta sipo. Wengi tunadhani nyoka akitoka anasafiri. Chatu ni mwindaji wa kuotea. Akipata mahali penye giza, pana joto, panambana mwilini, anajikunja hapo na kutulia, na kama alikula karibuni hana haraka na mtu. Unaanza na chumba chenyewe: darini, nyuma ya kabati, chini ya godoro, ndani ya pipa, kwenye rundo la nguo chafu. Halafu ua, choo, jiko la nje, mawe. Mimi nilikuwa ziwani nahesabu mitumbwi.

Kisha mama mmoja jirani akapotelewa na bata. Nikajua ni chatu wangu tu. Nikamlipa yule mama usiku, nikadanganya kwamba nilimgonga bata wake kwa baiskeli. Bata wa pili akapotea, nikalipa tena, baiskeli ileile. Tangu hapo nikipita na baiskeli anaita bata wake ndani.

Lakini mtoto wa mwenye nyumba alishachungulia dirishani akaona boksi tupu. Ikaanza kama "nyoka katoka." Jioni ikawa joka. Kesho yake pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wanasema lina mita kumi na linakoroma. Na kwetu Usukumani unajua hadithi ya joka haitembei peke yake, lazima ipate na utajiri. Nikawa mimi ndiye ninayefuga joka la utajiri. Mimi! Nilikuwa nadaiwa na muuza chapati, chapati zenyewe za kukopa kavu bila maharage. Kama lile joka lilikuwa la utajiri, basi lilikosea nyumba.

Nacheka sasa hivi, wakati ule haikuwa ya kuchekesha. Kina mama wanaoanika dagaa waliacha kuja alfajiri. Watu wakaanza kujisaidia kwenye ndoo usiku kwa kuogopa kwenda choo cha nje. Watoto hawatumwi tena maji ziwani. Msiseme huo ni ushamba. Wangeambiwa tangu mwanzo ni chatu mmoja, hana sumu, urefu huu, ana mabaka ya kahawia, katokea chumba hiki usiku huu, wangeogopa kitu chenye kipimo. Mimi niliwanyima kipimo, wakajipimia wenyewe.

Ikafika siku mtoto mdogo wa jirani hakuonekana mchana kutwa. Mwano ukapigwa, lile yowe la kuita watu wote. Dogo, kama hujawahi kusikia mwano ukipigwa na unajua unakuhusu wewe, omba usisikie. Mtoto alikuja kukutwa amelala fofofo chini ya mtumbwi uliopinduliwa, ana mchanga mpaka masikioni. Ila kabla hajapatikana, mlangoni kwangu palishajaa mapanga, na kuna mtu ana dumu. Aliyesimama kati yangu na wale watu ni mwenyekiti wa mtaa, mtu niliyemficha kuliko wote. Baadaye akaniambia, "Ungenigongea usiku uleule ningekuletea vijana wanne na tochi, yangeisha kabla ya uji."

Na yangeisha kweli. Chatu alikuwa nyuma ya choo, chini ya jiwe, hatua chache kutoka dirishani kwangu. Gamba lilikuwa limebaki kwenye ufa, jeupe, limegeuka ndani nje, bado laini. Alikuwa hapo muda wote mimi nazunguka na simu zangu za kupotea. Walimkatakata. Mmoja akampasua tumbo ili awaonyeshe watu bata. Tumbo lilikuwa tupu. Hakuna bata, hakuna hata unyoya. Wale bata sijui waliliwa na kenge au na binadamu wenzangu, ninachojua ni nani aliyelipa.

Hesabu ya hasara: nyoka, bata wasionihusu, kodi iliyobaki kwenye chumba nilichokihama usiku, kikundi kukosa mialiko msimu mzima, na maelezo niliyoandika kwa wahusika wa wanyamapori mpaka kiganja kikafa ganzi. Na mzee? Alisema mbele ya kikundi kwamba kijana hakumfuata vizuri.

Kwa hiyo sikia. Kabla huyo chatu hajavuka kizingiti, mwenye nyumba, mwenyekiti wa mtaa na majirani wa ukuta kwa ukuta wawe wanajua yupo, na wamemwona kwa macho. Akitoka, waambiwe saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku, hata kama unadhani yuko chini ya kitanda. Urefu, rangi, mara ya mwisho alikuwa wapi, na kwamba asiguswe wala asizingirwe mpaka waje wanaojua. Ukiona huwezi kumwambia mwenye nyumba kwa sababu atakufukuza, basi jibu lako umeshalipata, chatu hakai kwenye chumba hicho.

Kuna mdau hapo juu kaandika kwamba chatu hana sumu, hofu ni ya watu wa kijijini. Mkuu, Agosti 2013 huko Campbellton, jimbo la New Brunswick, Kanada, chatu wa Afrika alitoka kwenye kizimba kilichokuwa ghorofani juu ya duka la wanyama, akapita kwenye bomba la hewa ambalo kifuniko chake hakikuwa mahali pake, dari ikakatika akadondokea sebuleni walikolala watoto wawili, wa miaka 4 na 6. Wote wawili walikufa. Mwaka 2017 huko Hampshire, Uingereza, kijana mfugaji mzoefu aliuawa chumbani mwake na chatu wake mwenyewe, wa Afrika pia, urefu kama mita 2.4 tu. Matukio ya hivi ni machache sana duniani, nakubali, na chatu wa porini kwa kawaida akimwona mtu anajificha. Lakini hao niliowataja hawakuwa wa porini, walikuwa wa kufugwa, wa "mpole huyo, hana neno." Marekani mwaka 2012 walizuia kuingiza chatu wa Burma nchini mwao, na chatu wetu wa Afrika wakawekwa kwenye katazo hilohilo. Florida mpaka leo wanalipa watu wakawinde chatu wa Burma waliozaliana kwenye kinamasi cha Everglades, uzao wa nyoka waliotoroka au kutupwa na wafugaji. Na hao wafugaji, naweka dau, walinyamaza.

Kibali: ndiyo, ni lazima, na ngoma siyo kinga. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Hata kama mmemkuta amenasa kwenye nyavu za wavuvi, si wenu. Nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya nchi, kabla hujanunua hata ubao mmoja. Wakisema mkabidhini, mkabidhini, na ukimkumbuka sana panda boti uende kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi, ukaangalie wanyama wa watu wengine.

Sasa chakula, awe kuku au sungura. Mpe kilichokwisha kufa, kwa koleo refu, usimpe mkononi. Ana vishimo mdomoni vya kuhisi joto, na mkono wako ukinuka sungura, kwake huo ni sungura mwenye vidole. Nawa kwanza. Akiwa mita mbili na nusu kwenda juu asishikwe na mtu mmoja peke yake, hata kama mnafahamiana. Akikuzunguka, mwenzako amfungue kuanzia mkiani.

Kioo au mbao wajibu wengine. Mimi siku hizi naangalia mlango tu: makufuli mawili ya funguo, wavu wa kuchomelea siyo wa kuku, na kila tundu la hewa lina kifuniko cha skrubu. Wiki ya kujivua gamba unakagua kona zote asubuhi na jioni, hata kama umechelewa kazini.

Halafu namba ya mwenyekiti, ya afisa wanyamapori na ya Zimamoto, 114, ziandike kwa maka peni kwenye boksi lenyewe, kwa maandishi makubwa ambayo hata mtoto wa mwenye nyumba anayasoma. Usizihifadhi kwenye simu peke yake. Simu yangu mimi siku ya mwano haikuwa na chaji.