Ndege juu ya gome

SWALI: Wayolngu wa Arnhem Land, Australia, huandaaje gome la kuchorea? Je, msanii huchora ndege yeyote ampendaye?

JIBU: Gome la mkalitusi hubanduliwa msimu wa mvua, utomvu ukiwa mwingi, kiangazi hung'ang'ania na kupasuka. Hukwanguliwa, hupashwa motoni, kisha hukandamizwa kwa vitu vizito siku kadhaa, la sivyo litajikunja. Udongo mwekundu, wa njano na mweupe huchanganywa na gundi. Gundi ikipungua, rangi hubanduka. Mistari myembamba huchorwa kwa brashi ya nywele za binadamu.

Kuhusu ndege, hapana, na hili ndilo zito zaidi. Kila ndege, sawa na ardhi na lugha ya ukoo, ni wa Dhuwa au Yirritja, yaani nusu mbili za jamii ya Wayolngu. Michoro mitakatifu ina wenyewe. Asiye na haki haigusi, hata awe fundi kiasi gani.