Anza na watoto 290: kwa anayetaka kuwa mwanatakwimu wa jeni

Mpwa wangu amemaliza shahada ya kwanza ya takwimu Makerere. Wenzake wanakimbilia benki na kampuni za simu. Yeye alinijia Jumapili moja akasema, "Shangazi, nataka kufanya kazi yako, lakini sijui pa kuanzia." Mimi ni mwanatakwimu wa jeni: natafuta kwa takwimu jeni zinazohusiana na magonjwa. Nyumbani Arua wanaiita kazi yangu hesabu za damu, na sijaona jina bora zaidi. Nilichomwambia siku ile nakiandika hapa, kwa sababu vijana wanaoniuliza swali hilo ni wengi.

Sikumpa programu yoyote. Nilimpa karatasi na kalamu.

Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alichapisha makala kuhusu seli mundu na malaria. Damu aliyoipima ilitoka kwa watoto wa hapa hapa, maeneo ya Kampala. Watoto 43 walikuwa wamerithi jeni ya seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria. Watoto 247 hawakuwa na jeni hiyo, na 113 kati yao walikutwa na vimelea. Yaani asilimia 28 kwa 46. Chora jedwali la miraba minne, piga kwa mkono wako hesabu ya kai mraba, kipimo cha kama tofauti kati ya makundi ni ya bahati tu, utapata thamani ya p ya karibu 0.03. Yaani kama jeni haihusiani na vimelea, tofauti kubwa kama hii ingetokea kwa bahati mara tatu hivi katika mia.

Sasa kaa na namba hiyo kidogo. Sisi leo tunapima mamilioni ya sehemu za jenomu, yaani DNA yote ya mtu, kwa mkupuo mmoja, na kizingiti chetu, yaani thamani ya p ambayo chini yake ndipo tunakubali matokeo, ni 0.00000005. Kwa kizingiti hicho, matokeo ya Allison yangetupwa. Ila yalikuwa kweli, na utafiti uliofuata umeyathibitisha tena na tena. Kwa nini? Kwa sababu yeye alikuwa na swali moja, na alikuwa na sababu ya kuliuliza: jeni hii inaua watoto wanaoirithi kwa wazazi wote wawili, basi mbona imejaa palepale malaria ilipojaa? Anayeuliza maswali milioni lazima adai ushahidi mzito zaidi kwa kila moja, maana bahati tu itampa majibu ya uongo maelfu. Mwanafunzi aliyeelewa hilo kwa kalamu, nitamfundisha PLINK na R, programu zetu za kuchambua data, bila shida. Aliyeanza na amri za kompyuta, mara nyingi nalazimika kumrudisha nyuma.

Mimi mwenyewe nilirudishwa nyuma, tena kwa uchungu. Nikiwa mwaka wa pili wa uzamivu nilikuwa nachambua shinikizo la damu katika vijiji fulani. Nikaendesha uchambuzi usiku, asubuhi nikakuta ishara nyingi kupita kiasi, yaani sehemu za jenomu zinazoonekana kuhusiana na shinikizo la damu, zimevuka kizingiti. Nilifurahi hadi nikampigia mama simu. Wiki ile ile tulikwenda kijijini kurudisha taarifa kwa wakazi, na mzee mmoja aliyekuwa akituongoza nyumba hadi nyumba akaniambia, bila hata mimi kumuuliza, "Binti yangu, hapa hakuna wageni. Wote hawa ni koo mbili, na koo zenyewe zimeoana." Nilisimama pale njiani nikahisi miguu imeisha nguvu. Programu yangu ilikuwa imehesabu kila mtu kana kwamba hana uhusiano na jirani yake. Ndugu hufanana damu, na hufanana pia chakula, kazi na mazoea, kwa hiyo ushahidi wa mtu mmoja nilikuwa nauhesabu mara tatu, mara nne. Niliporudia kwa modeli inayozingatia undugu, karibu ishara zote zikatoweka.

Tangu siku hiyo, siku zote nawashauri wanafunzi wangu: chagua data ambayo unaweza kuifikia kwa miguu. Ukiwa Uganda, hiyo ni nguvu ambayo mwenzako aliyeko Cambridge hana. Watu wa Kyamulibwa, wilayani Kalungu, wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu 1989. Kutoka kwao zilipatikana jenomu kamili za watu karibu 2,000, na makala yake ikatoka 2019. Mojawapo ya waliyoyaona ni kwamba badiliko la jeni linaloitwa alfa-thalasemia, ambalo malaria imelieneza kwetu na ambalo ni adimu Ulaya, linahusiana na kipimo cha sukari cha HbA1c. Kipimo hicho husoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu. Chembe zenyewe zikiwa tofauti, usomaji unaweza kukupotosha. Fikiria daktari wa Masaka anayetumia kipimo hicho kuamua nani ana kisukari. Huwezi kuliona jambo hilo katika data ya London hata uwe na watu nusu milioni.

Kuhusu masomo sitasema mengi. Aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano, Linux. Makerere kuna shahada ya uzamili ya bioinfomatikia, yaani uchambuzi wa data za biolojia kwa kompyuta, na biolojia utaipata ukipunguza aibu na kuuliza maswali mengi.

Kuhusu maisha ya kazi nina mengi zaidi. Mikataba yetu imefungwa na ruzuku. Ruzuku ikiisha, mkataba umeisha. Jifunze kuandika maombi ya ruzuku ukiwa bado mwanafunzi, hata kama ni kurasa mbili tu ndani ya ombi la msimamizi wako. Kibali cha kamati ya maadili, kisha cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, huchukua muda. Uweke kwenye ratiba yako ya uzamivu tangu mwanzo. Na kabla hujagusa data ya mradi wowote, uliza kwa maandishi: swali langu ni lipi humu? Katika mradi wangu wa kwanza nilisafisha data miaka miwili. Zilitoka makala tatu, na jina langu lilikuwa katikati ya majina mengi, mahali ambapo hakuna anayesoma. Sikuwa nimeuliza, na hakuna aliyejisumbua kuniambia. Kazi ile iliniuma kwa sababu niliipenda.

Jana usiku mpwa wangu alinitumia picha ya karatasi yake. Kai mraba 4.75, sahihi kabisa. Chini yake alikuwa ameandika kwa penseli: "Shangazi, kati ya hao 290, wangapi walikuwa ndugu wa tumbo moja?"

Nimemwambia aje Entebbe Jumatatu, tuisome makala ya Allison pamoja.