July 4 mtaani: acheni kujifungia ndani, toeni viti nje

Wiki hii nimepata meseji ya dada mmoja, kahamia Katy, hapa kando ya Houston, Texas, na familia yake majuzi tu. Anasema shikamoo kaka, majirani wametuwekea karatasi mlangoni kwamba July 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wanakula pamoja na kupiga fashifashi, yaani fataki, mume wangu anasema tuzime taa tulale, wewe mzoefu unatushaurije. Marahaba mdogo wangu. Mwambie shemeji aamke.

Nina haki ya kusema hivyo maana mwaka huu mtaani kwetu huku Cypress, nje kidogo ya Houston, ilikuwa sherehe ambayo mpaka leo watu wananisimamisha kwenye masanduku ya barua kuulizia mishkaki. Sufuria la pilau lilikwisha kabla ya magharibi, na magharibi ya Houston mwezi wa saba ni karibu saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo mjue watu walikula. Mzee wa Kimeksiko wa nyumba ya kona kaleta mahindi yake ya kupaka mayonezi na jibini, Wavietnamu wa pembeni yetu wakaleta sambusa zao zile ndefu nyembamba, Mnaijeria kaleta wali wake na ubishi wake juu, eti pilau letu halina pilipili. Nilicheka sana.

Haikuanza hivyo lakini. Tulipohamia hakuna mtu aliyetuwekea karatasi. Mtaa mzima uko nje, viti vimepangwa kwenye draivwei, moshi wa grili unaingia mpaka sebuleni, na sisi tuko dirishani, mwanangu ananiuliza baba kwani sisi haturuhusiwi? Nilikosa jibu. Waliogawa zile karatasi waliuruka mlango wetu na ni watu tunaopishana nao kila asubuhi. Mmoja wao mwaka huu kala sahani tatu, nimemhudumia mwenyewe kwa mikono yangu, lakini sijasahau.

Mwaka uliofuata sikusubiri karatasi. Nilitoa viti vyangu vya kukunja, nikawasha mkaa pale pale mbele ya garage, nikatundika nyama. Basi. Ndani ya saa moja watoto wa watu wamejaa, na palipo na watoto wazazi watakuja tu kuwatafuta. Ndo maana nasema toka nje. Mmarekani siku za kawaida anaingia na gari garage, mlango unashuka, humuoni tena mpaka kesho, ila July 4 kila mtu yuko nje na ana muda, ukiipoteza hiyo siku utasubiri mwaka mwingine kujua jina la jirani yako.

Sisi tuliokulia Unguja fashifashi si jambo geni, usiku wa kuamkia Mapinduzi Januari 12 tunakesha kuzingoja, zikipigwa tunashangilia tunarudi nyumbani. Ila zile ni za serikali, wewe kazi yako kuangalia juu. Huku za serikali zipo pia, jijini zinapigwa Eleanor Tinsley Park kando ya Buffalo Bayou, paking yake ni kiama, nenda mara moja upige picha yaishe. Utamu uko mitaani, mtu kanunua kwa jasho lake na anataka umuone akiwasha. Na ni mila yao ya zamani kweli, Philadelphia walishapiga fataki July 4 ya 1777, mwaka mmoja tu baada ya kutangaza uhuru, vita na Muingereza bado vinaendelea.

Sasa msikilize vizuri hapa kwenye sheria. Kupiga fashifashi ndani ya jiji la Houston ni marufuku na faini yake inaanzia dola 500. Nje ya mipaka ya jiji, kwenye kaunti, ruksa. Tatizo anuani nyingi zimeandikwa Houston na ziko nje ya jiji, kwa hiyo usiamini bahasha, angalia bili ya kodi ya nyumba, kama hamna kodi ya City of Houston wala ya mji mwingine basi uko kaunti. Halafu soma kanuni za HOA, yaani chama cha wenye nyumba wa mtaa, hao ndo wakorofi kuliko sherifu. Ukiwa ndani ya futi 600 za kanisa, shule au hospitali bado hairuhusiwi, na mwaka wa ukame kaunti inaweza kukataza zile roketi za vijiti. Yale mahema ya kuuzia barabarani yanafunguliwa June 24, nenda mapema, usiku wa tarehe tatu foleni haisogei.

Vile vijiti vya cheche wanavyopewa watoto watu wanaviona vya kuchezea tu, wakati joto lake linafika nyuzi 2,000 za Fahrenheit. Viatu vya kufunika vidole, siyo ndala. Mpira wa maji uwe umeshaunganishwa. Fataki iliyogoma usiirudie, imwagie maji uiache, na makopo yaliyokwishatumika yalale kwenye ndoo ya maji mpaka asubuhi, mtaa wa nyuma yetu pipa la taka liliwaka saa nane usiku likababua mlango wa garage.

Na waulizeni watu jamani. Hapa kwetu kuna familia ya Wakongo kutoka Kivu, mama yao mtu mzima, mlio wa kwanza tu alikuwa ameshashuka sakafuni na wajukuu kawafunika. Kuna na baba mmoja alipigana Iraq, anaweka kibao kwenye majani kuomba watu wawe wastaarabu. Hao wawili nawagongea siku mbili kabla, nawaambia tunaanza saa tatu, saa nne na nusu tumemaliza, na nahakikisha tumemaliza kweli. Binti wa yule mama anamchukua jioni kwenda kulala kwa dada yake. Yule baba siku hizi anakuja kula mchana, fashifashi zikianza anaingia ndani, na hakuna anayemuuliza.

Najua kwenye grupu letu mtasema nimejifanya Mmarekani, mlishasema. Mnabeba boksi mwaka mzima kulipia hizo nyumba, nje kuna watu mnashindwa kuwasalimia, halafu Jumapili mnalalamika huku kuna upweke. Upweke gani na mlango mmefunga wenyewe? Mimi nimeita watu wa rangi zote mezani kwangu kwa nyama ya mkaa, nyie endeleeni kutuma stika.

Mdogo wangu wa Katy, pika pilau la ng'ombe, mbuzi wengi hawajamzoea, pilipili weka pembeni. Karatasi ikisema saa kumi na mbili, fikeni saa kumi na mbili. Mkienda na saa zetu mtakuta wanakunja meza.