Maswali na Majibu: Je, aliyekosa kazi ya hatua moja ya makuzi hawezi tena kuifidia?

SWALI: Mtaalamu, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 33 na ninasomea ualimu wa elimu ya awali. Tumefika kwenye mada ya hatua za makuzi ya binadamu na nimechanganyikiwa, kwa sababu kitabu kimoja kinataja hatua nane, kingine sita, na muhtasari tuliopewa darasani unataja nne tu. Tumefundishwa pia kwamba kila hatua ina kazi yake, na kwamba mtu akishindwa kazi ya hatua moja hawezi kufaulu katika hatua inayofuata. Kauli hiyo imenitia hofu nikiitazama familia yangu. Mwanangu ana miezi 14 na bado hajaanza kutembea. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, ameacha kozi mbili, na hataki kusikia habari ya kuoa. Baba yetu alistaafu miaka miwili iliyopita, na sasa anasimulia habari za ujana wake kila mara, nyingine zikiwa za majuto. Je, hatua ni ngapi hasa? Na ni kweli kwamba aliyechelewa hawezi tena kufidia?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na idadi, kwa kuwa ndiyo sehemu nyepesi ya swali lako. Vitabu vyako havipingani. Kila kimoja kinapima kitu tofauti katika mwanadamu yule yule. Hatua nne ni za Jean Piaget, mwanasayansi wa Uswisi aliyeishi kuanzia 1896 hadi 1980, ambaye alichunguza namna mtoto anavyofikiri. Anaanza na mtoto mchanga anayeujua ulimwengu kwa kushika na kuonja, na anaishia kwa kijana wa miaka 11 au 12 na kuendelea, ambaye anaweza kufikiri juu ya jambo asiloliona wala kuligusa; ndiyo maana orodha yake haifiki uzeeni. Hatua sita ni za Robert Havighurst, Mmarekani aliyesomea kemia hadi shahada ya uzamivu kabla ya kuhamia kwenye elimu, na ndiye aliyelieneza wazo mnalolisoma sasa la kazi za makuzi, yaani mambo ambayo mtu hutarajiwa kujifunza au kuyatimiza katika kila umri. Hatua nane ni za Erik Erikson, mchambuzi wa nafsi aliyezichapisha mwaka 1950 akiangalia mvutano ambao kila umri huuzusha kati ya mtu na watu wanaomzunguka. Kwa hiyo mtoto wa miaka 8 yumo katika hatua ya tatu kwa Piaget, ya pili kwa Havighurst na ya nne kwa Erikson, zote kwa wakati mmoja, na hakuna kosa lolote katika hesabu hiyo. Hata nane ya Erikson haikubaki nane: baada ya kifo chake mwaka 1994, mkewe Joan, aliyekuwa mshirika wake katika kazi hiyo tangu mwanzo, aliongeza hatua ya tisa kwa ajili ya watu waliofika miaka ya 80 na 90. Katika mtihani, basi, usitaje idadi ya hatua bila kutaja ni za nani.

Sasa nije kwenye kanuni iliyokutia hofu. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo imekazwa kupita alivyokusudia mwenyewe aliyeianzisha. Havighurst alieleza kwamba kazi ya makuzi hujitokeza katika kipindi fulani cha maisha. Mtu akiifaulu hupata furaha na wepesi katika kazi zijazo, na akiikosa hupata huzuni, hukosa kibali cha jamii na hukutana na ugumu katika kazi zijazo. Neno lake ni ugumu, na ugumu huweza kushindwa kwa msaada na kwa muda. Alisema pia kwamba kazi hizi huchipuka kutoka vyanzo vitatu, yaani ukomavu wa mwili, matarajio ya jamii, na matamanio na maadili ya mtu mwenyewe. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Kazi inayotokana na mwili, kama kutembea au kubalehe, ina umri ambao haupishani sana popote duniani. Kazi inayotokana na jamii, kama kuchagua mwenzi wa ndoa, Havighurst aliiweka kati ya miaka 18 na 30 kwa sababu aliandika katika Marekani ya miaka ya 1940. Umri huo unaeleza jamii yake kuliko unavyoeleza umbile la binadamu.

Erikson naye alifikiri hivyo hivyo kwa njia nyingine. Aliazima wazo kutoka elimu ya kiinitete: kila kiungo cha mtoto tumboni kina wakati wake wa kuchomoza, lakini mpango wake upo tangu awali na ukuaji wake haukomi siku kinapoonekana. Ndipo akachora jedwali la miraba 64, nane kwa nane, na kuziandika zile hatua nane maarufu kwenye mshazari, kutoka pembe moja hadi nyingine. Vitabu vingi vya kiada vinanakili mshazari peke yake na kuiacha miraba 56 iliyobaki, nami naamini kwamba kuachwa kwa miraba hiyo ndiko kulikozaa kanuni mliyofundishwa. Miraba hiyo inasema kwamba kujenga hali ya kuamini, ambayo ndiyo kazi kuu ya mwaka wa kwanza, ina sura yake pia katika ujana, katika ndoa na katika uzee. Aliyelelewa na watu wasiotabirika anaweza kuikuta kazi hiyo tena mbele ya mwalimu mwaminifu, rafiki wa kweli au mwenzi mtulivu, na kuitenda upya, ingawa kwa juhudi kubwa kuliko ya mtoto mchanga. Erikson hakutaka hata upande mmoja ushinde kabisa, kwa maana mtoto anayeamini kila kitu na kila mtu angekuwa hatarini. Alichosisitiza ni kwamba kuamini kuzidi kutoamini.

Tuje kwa mwanao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya njema katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Karibu watoto hao wote walianza kutembea peke yao kati ya umri wa miezi 8.2 na miezi 17.6. Wote walikuwa wazima, na aliyetembea mapema na aliyetembea mwisho walitofautiana kwa zaidi ya miezi tisa. Takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo, na bado walitembea. Miezi 14, kwa hiyo, imo ndani ya kipindi cha kawaida. Badala ya kuhesabu siku, tazama yanayotangulia kutembea: je, anakaa bila kuegemezwa, anasimama akishikilia kitu, na anapiga hatua akishikwa mikono? Katika uchunguzi huo, kipindi cha kupiga hatua kwa kushikiliwa kiliishia miezi 13.7, hivyo, ikiwa mwanao hata akishikwa mikono hapigi hatua, mpeleke kwa daktari wa watoto sasa. Mpeleke pia ikiwa atafikisha miezi 18 bila kutembea, au ukiona anatumia upande mmoja tu wa mwili. Na ikiwa wakati wowote atapoteza uwezo aliokwisha kuupata, kama mtoto aliyekuwa anasimama kisha akaacha, usisubiri tarehe ya kliniki.

Niongeze kwamba, katika umri huo, kutembea ni sehemu tu ya kazi aliyonayo. Kazi nyingine anaifanya mbele ya macho yako kila siku bila kuonekana kwenye kadi ya kliniki. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyefanya kazi pamoja na daktari wa akili John Bowlby juu ya mafungamano ya mtoto na mlezi, alionyesha kwamba mtoto humtumia mlezi wake kama kituo cha salama: huondoka kidogo kwenda kuchunguza, hugeuka kumtazama, kisha hurudi. Mtoto anayelia unapoondoka na kutulia unapomchukua tena baada ya kurudi anakwambia kwamba kazi hiyo inaendelea vizuri.

Miaka ya kati, yaani ya michezo na ya shule ya msingi, utaisoma kwa kina katika kozi yako, kwa hiyo nitagusa jambo moja tu. Mtoto wa miaka 4 anajifunza kuanzisha jambo kwa hiari yake, na wa miaka 9 anajifunza kulimaliza kwa bidii na kuona kwamba kazi yake ina thamani machoni pa wenzake. Havighurst alizungumzia wakati mwafaka wa kufundishika, pale mwili umekuwa tayari, jamii inadai na mtoto mwenyewe anataka. Mwalimu anayelazimisha kalamu kwenye vidole ambavyo bado havijakomaa anatumia nguvu nyingi kwa matunda machache, na humwachia mtoto hisia ya kushindwa ambayo haikuwa na sababu ya kuwepo.

Kuhusu mdogo wako, nina mfano ambao huwapa nafuu wazazi na ndugu wengi. Erikson mwenyewe, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1902, hakupata shahada yoyote ya chuo kikuu. Alipomaliza shule alizunguka Ulaya kama msanii asiye na makazi ya kudumu, hadi mwaka 1927 alipoitwa na rafiki yake kwenda Vienna kufundisha katika shule ndogo. Huko ndiko alikoanza kusomea uchambuzi wa nafsi, yaani tiba ya akili kwa njia ya mazungumzo, kwa Anna Freud, binti wa Sigmund Freud aliyeianzisha elimu hiyo. Baadaye aliandika kwamba kijana huhitaji muda wa kuahirisha maamuzi makubwa akijaribu nafasi mbalimbali, na ni dhahiri kwamba aliujua muda huo kwa kuupitia.

Hata hivyo, si kila kuahirisha kunafanana. Mwanasaikolojia James Marcia, katika kazi yake ya mwaka 1966, aliwagawa vijana kwa maswali mawili: je, amechunguza njia mbalimbali, na je, ameamua? Yupo aliyechunguza na kuamua, yupo anayechunguza na bado hajaamua, yupo aliyeamua bila kuchunguza kwa kufuata tu alichopangiwa, na yupo asiyechunguza wala kuamua. Huyu wa tatu huonekana ametulia kuliko wote, na mara nyingi ndugu humsifu, lakini hajaujaribu msingi anaosimamia. Wa nne ndiye wa kufuatiliwa kwa karibu. Zungumza na mdogo wako kwa upole na umsikilize: anaweza kueleza kwa nini aliacha kila kozi, alijifunza nini, na sasa anajaribu nini? Akiwa na majibu, hata yenye mashaka, yuko kazini. Akiwa hana jibu, halali vizuri na amejitenga na rafiki zake, mshauri nasaha atamfaa kuliko shinikizo la familia. Suala la kuoa liacheni lisubiri. Katika mpangilio wa Erikson, ukaribu wa kudumu na mtu mwingine huja baada ya kijana kujijua kiasi cha kutoogopa kupotea ndani ya mwenzake. Tangu mwaka 2000, mwanasaikolojia Jeffrey Arnett amependekeza kwamba miaka 18 hadi 25 ihesabiwe kama kipindi kinachojitegemea, kwa kuwa katika jamii nyingi za leo masomo na ajira vimesogeza mbele utu uzima kamili. Mdogo wako ametoka humo jana tu.

Umeniandikia juu ya watu watatu na hukujitaja. Una mtoto mchanga, baba aliyestaafu, ndugu anayetafuta njia, na masomo. Havighurst alizihesabu kuwasaidia watoto na kujirekebisha kwa wazazi wanaozeeka miongoni mwa kazi za umri unaoanzia miaka 30. Erikson aliuita upande mzuri wa miaka hiyo kuwa ni kukijali kizazi kinachokuja, na hatari yake ni kudumaa, ambako humpata pia mlezi anayechoka bila kupokezana na mtu. Tafuta wa kupokezana naye, hata kwa saa chache za wiki.

Nimalizie na baba. Zamani, wazee waliorudia habari za ujana wao walichukuliwa kuwa akili zao zinachakaa. Mwaka 1963, daktari wa Marekani aliyeitwa Robert Butler alipinga fikra hiyo na kueleza kwamba mzee huyapitia maisha yake upya kama kazi halisi ya umri wake, na kwamba majuto ni sehemu ya kazi hiyo. Ndiyo hatua ya nane ya Erikson: mtu kuyakubali maisha aliyoyaishi kama yalivyokuwa, au kukata tamaa kwa kuona kwamba muda wa kuyaanza upya umekwisha. Kustaafu huichochea kazi hii, kwa sababu humwondolea mtu cheo na ratiba vilivyokuwa vikimjibia swali la yeye ni nani.

Kinachopaswa kukupeleka hospitali ni kingine. Ikiwa anakumbuka ya miaka 40 iliyopita lakini anasahau yaliyotokea asubuhi, anapotea katika njia anazozijua, au kwa wiki mbili na zaidi amepoteza usingizi, hamu ya chakula na furaha katika mambo aliyoyapenda, anahitaji kupimwa, kwa maana sonona na maradhi ya kusahau havimo katika orodha ya kazi za uzee. Ikiwa hayo hayapo, msikilize. Msimkatishe kwa kumwambia kwamba hayo yamepita, hata kama mnasema hivyo kwa kumhurumia. Chukua lile jambo la majuto analolirudia zaidi, na siku mkiwa mmekaa kwa utulivu, mwombe akueleze siku ile ilikuwaje, alikuwa anajua nini wakati huo, na ni njia zipi nyingine alizokuwa nazo.