Maswali ya Wasomaji: Kuimba Tenzi Pamoja na Wazee Makazini

Kwaya yetu ina watu 22. Kila baada ya miezi mitatu tunakwenda kwenye makazi ya wazee na kinanda, ngoma na spika mbili. Tunajiandaa vizuri, lakini wazee wanatutazama tu, wachache ndio hutikisa midomo. Tunakosea wapi?
*Mwanakwaya, Shinyanga*

Mnawaimbia, hamwimbi nao. Mzee anayesikiliza kwaya iliyojipanga mbele yake huwa hadhira, na hadhira kazi yake ni kutazama.

Anzeni na ufunguo, yaani kimo cha sauti mnachoimbia, maana hapo ndipo wengi wanapowapoteza wazee bila kujua. Kitabuni pameandikwa Do (nota ya msingi ya wimbo) ni G, na mwalimu wa kwaya anatoa G ileile anayowapa vijana. Lakini sauti ya mwanamke hushuka kadiri umri unavyokwenda, na nota za juu ndizo za kwanza kumkimbia. Bibi wa miaka 80 akifika kwenye nota ya juu sauti inakatika, ananyamaza, na mara nyingi haanzi tena. Shusheni Do kutoka G hadi E, yaani nusu toni 3. Kipimo chetu ni hiki: nota ya juu kabisa ya sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe, isipite C iliyo oktavu moja juu ya C ya kati (C ya katikati ya kinanda), na ya chini isiteremke chini ya A iliyo karibu chini ya C ya kati. Wimbo usioingia humo mbadilishie ufunguo, au uacheni.

La pili ni pumzi. Watu husikia kwamba wazee wanahitaji mwendo wa taratibu, basi wanauburuza wimbo. Ukiuburuza, mstari unakuwa mrefu na pumzi inaisha katikati ya neno. Shikeni mwendo wa kawaida, mapigo 60 hadi 70 kwa dakika, ila mwisho wa kila mstari ngojeni mapigo 2 zaidi. Hapo ndipo mzee anapovuta pumzi na kuwafikia. Mwalimu wenu atahisi wimbo umekatikakatika, avumilie.

Sauti nne nazo zisubiri. Beti la kwanza na la pili wote waimbe sauti ya kwanza. Sauti za wanaume, besi na tenor, zikiingia mapema, mzee anautafuta wimbo wake ndani ya sauti nyingine na haupati. Badala ya beti zote tano, imbeni beti la kwanza mara mbili. Hilo ndilo wanalolijua.

Spika ziacheni nyumbani. Uzee huondoa kwanza usikivu wa sauti nyembamba, na herufi kama s, f, t na sh ziko huko. Mzee anasikia kwamba kuna kelele, ila maneno hayashiki. Kuongeza sauti hakurudishi herufi hizo, na kayamba huzifunika kabisa. Kinanda kitoe wimbo wenyewe tu, bila mapigo ya kiotomatiki. Chagueni waimbaji 8; wanne wakae kwenye viti katikati ya wazee, mita moja hivi kutoka kwao, uso ukiwa kwenye mwanga, kwa sababu wengi wao wanasoma midomo. Wale 14 wasiochaguliwa waende wodini au wasaidie kufua.

Karatasi za maneno ziandikwe kwa herufi za ukubwa wa 24 au 28, nyeusi iliyokoza, karatasi isiyong'aa, wimbo mmoja kila ukurasa. Lakini msizitegemee. Wapo wenye mtoto wa jicho, na wapo ambao hawakupata shule. Kwa hao mwimbishaji atamke mstari haraka kabla haujaimbwa, kama ilivyofanyika zamani vitabu vilipokuwa vichache.

Kuna babu ambaye hawatambui hata wanawe, lakini tulipoanza "Mwamba Wenye Imara" aliimba beti zima. Bibi mwingine siku hiyohiyo alilia sana, tukaogopa. Tufanye nini?
*Mama wa kanisa, Moshi*

Ugonjwa wa kusahau hula kwanza mambo ya karibuni na majina. Wimbo ulioimbwa kila Jumapili tangu utotoni umejichimbia pamoja na pumzi, midomo na mapigo ya mwili, na mara nyingi hubaki hata maneno ya mazungumzo yanapokuwa yameondoka. Ndiyo maana uchaguzi wa nyimbo una uzito kuliko mahubiri yenu yote ya siku hiyo.

Fanyeni hesabu. Aliyezaliwa 1943 alikuwa na miaka 15 mwaka 1958. Nyimbo zake ni za utoto na ujana wake, si pambio za redio ya leo. Ulizeni wahudumu na ndugu mambo matatu: alilelewa dhehebu gani, lugha gani, na je, alikuwa mwanakwaya? Mlutheri wa Kilimanjaro, Msabato wa Mara na Mmoraviani wa Tabora hawakulelewa na kitabu kimoja cha nyimbo. Wengine waliujua wimbo kwa Kichaga, Kihaya au Kisukuma kabla hawajaujua kwa Kiswahili. Beti moja kwa lugha ya mama linaweza kumwamsha mtu aliyekaa kimya tangu asubuhi. Andikeni majibu kwenye kadi na mje nayo safari ijayo.

Msimuulize, "Unakumbuka wimbo gani?" Swali hilo ni mtihani, na ataushindwa mbele ya watu. Mwimbishaji aimbe maneno mawili ya kwanza, anyamaze kidogo, amwangalie. Akiingia, mfuateni yeye, hata akiruka mstari. Vivyo hivyo kwa Biblia: someni Zaburi ya 23 au ya 121 katika Union Version, tafsiri iliyotoka 1952, kwa sababu ndiyo waliyoikariri. Tafsiri mpya inaeleweka zaidi, lakini kwao ni maneno ya mgeni.

Na Baba Yetu: Mkatoliki husema "utakalo lifanyike", Mprotestanti "mapenzi yako yatimizwe". Msimsahihishe mtu. Anayeongoza aseme polepole, kila mmoja apite njia yake, mtakutana kwenye Amina.

Kuhusu kilio, machozi peke yake si hatari. Mmoja wenu akae naye, amshike mkono ikiwa anauachia mkono wake, asimuulize sababu. Ila akikunja ngumi, akihema haraka au akitaka kuondoka, kateni wimbo na mwiteni mhudumu. Chunguzeni pia kama wimbo huo ndio unaoimbwa makaburini kwenu. Huenda ndio aliomzikia mume au mtoto. Nyimbo za mazishi zisiwe za mwisho, maana nyinyi mnapanda gari na yeye anabaki nazo usiku kucha. Kabla ya kuondoka mwambieni mhudumu nani alilia.

Makazi tunayotembelea yana Waislamu na wasio na dini. Tunagawa sabuni na sukari baada ya ibada. Je, ni sawa?
*Katibu wa vijana, Morogoro*

Geuzeni mpangilio. Gaweni kwanza, kwa wote sawasawa, ndipo mwalike wanaotaka kuimba. Zawadi ikisubiri mwisho wa ibada, mzee wa Kiislamu atakaa saa nzima kwa ajili ya kipande cha sabuni, na huko si kumshuhudia Kristo. Aliye kwenye kiti cha magurudumu hawezi kuondoka mwenyewe, kwa hiyo aulizwe kabla ya kusukumwa, na aulizwe tena katikati. Kila mmoja apewe shikamoo yake, aimbe asiimbe.

Sukari na soda muulizeni muuguzi kwanza. Wengi wana kisukari. Njooni saa 4 asubuhi, ibada isizidi dakika 40. Jioni wenye kusahau huwa na wasiwasi zaidi. Picha msipige bila ruhusa ya mzee mwenyewe na ya afisa mfawidhi. Wala asitokee mtu wa kumwambia mzee aache dawa kwa sababu ameombewa.

Na wasioweza kuamka kitandani?
*Msomaji, Tabora*

Waende wawili, si zaidi, kwa dakika 10. Kaeni, macho yenu yawe usawa wa macho yake, upande wa sikio linalosikia vizuri. Jitajeni majina hata kama amesinzia. Imbeni kwa sauti ya kumbembelezea mtoto. "Yesu Kwetu ni Rafiki" inafaa kwa kuwa mistari yake ni mifupi. Akichoka, endeleeni kwa kuvumisha tu bila maneno.

Mchungaji anayepeleka Meza ya Bwana amuulize muuguzi kama mgonjwa anameza bila shida. Mkate uwe mdogo kama punje ya hindi, uloweshwe. Mgonjwa akalishwe wima kabla, na abaki wima dakika 30 baadaye. Akikohoa au sauti yake ikiwa kama yenye maji, msiongeze kitu; aombewe, na muuguzi aitwe.