Kwa wanaoanza kuchoma mabamba ya elektrodi: chunga lithiamu isitoroke

Bamba la kauri la elektrodi chanya ya betri ya lithiamu likishachomwa halina gundi wala kaboni ndani yake. Ni chembe za lithiamu kobalti oksidi zilizoshikana zenyewe.

Ukitengeneza poda mwenyewe, gramu 100 za Co3O4 (oksidi ya kobalti) huhitaji gramu 46 za lithiamu kaboneti. Ongeza ziada ya asilimia chache tu, maana lithiamu hugeuka mvuke kwenye joto kali. Ziada isiyotumika hubaki juu ya chembe, ikaja kuzalisha gesi ndani ya betri. Vaa barakoa, vumbi la kobalti ni sumu.

Tope la poda, kiyeyushio, gundi na kilainishi (kinachofanya gundi ipindike bila kukatika) litolewe mapovu kwa ombwe kabla ya kutandazwa kwa kisu kuwa utepe mwembamba. Utepe usikaushwe haraka: juu hufanya ngozi huku chini kungali na majimaji, na nyufa huanzia hapo. Kata kwa hesabu. Ukitoka kwenye msongamano wa 50% (nusu ya ujazo ni poda, iliyobaki ni nafasi) hadi 80%, kila upande hupungua kama 14.5%, kwa hiyo bamba la milimita 20 hukatwa likiwa na 23.4. Hiyo 20% inayobaki wazi usiione hasara: ikiwa vitundu vimeungana, elektroliti, yaani kimiminika kinachobeba ioni za lithiamu, hupitia humo.

Kuunguza gundi ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Pandisha nyuzijoto 1 kwa dakika, au chini ya hapo, hadi 450 hivi, hewa ikipita. Ukikimbilia, gesi hupasua bamba. Hewa ikikosekana, kaboni inayobaki hunyang'anya kobalti oksijeni yake.

Kisha uchomaji wenyewe, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 900 na 1,050 za Selsiasi. Bamba jembamba lina uso mkubwa ukilinganishwa na ujazo wake, kwa hiyo hupoteza lithiamu upesi. Lizungushie poda ya aina ileile ndani ya chombo chenye kifuniko. Usililaze juu ya alumina (oksidi ya alumini) tupu, kwani hula lithiamu. Magnesia (oksidi ya magnesi) au zirkonia (oksidi ya zirkoni) isiyo na vitundu ni salama zaidi. Kuzuia mkunjo, weka kibao chepesi juu yake. Kikiwa kizito, bamba hushindwa kusinyaa kwa uhuru, likapasuka.

Pima uzito kabla na baada, gundi ikishaondolewa hesabuni. Kwenye eksirei ya fuwele (kipimo kinachotambua aina ya fuwele kwa vilele vyake), kilele karibu na digrii 31.3 (kwa eksirei inayotokana na shaba) ni Co3O4: lithiamu imetoroka. Kagua kifuniko na poda ya kuzungushia kwanza, ndipo uguse joto la tanuri.