Muulize Babu wa Hurumzi: Bastola ya baharia wa Königsberg

SWALI

Assalaam alaykum, Babu. Mimi ni mwalimu hapa Wete. Kaka yangu anaishi Marekani, Ohio, na sheria ya huko inamruhusu kukusanya silaha za zamani. Kuna mtu anamuuzia bastola ya Kijerumani, Luger, kwa bei mara tatu ya nyingine alizoziona. Anasema ilikuwa ya baharia wa Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja. Kaka moyo umeshamwenda, anasema hicho ni kipande cha historia yetu. Amenitumia picha sita nikuoneshe. Ni ya asili, au anaingizwa mkenge? Na jengine, Babu: tuna kasha la njumu la marehemu bibi, tunataka kulisugua na kulipaka vanishi tuliuze. Unasemaje?

JIBU

Wa alaykumu ssalaam, mjukuu wangu. Picha nimeziona kwenye simu ya mwanangu, nikazivuta kubwa mpaka zikaanza kuchanika vumbi vumbi. Nimeona ya kutosha.

Tuanze na mwaka, maana huo peke yake umeshamaliza kesi moja. Picha ya pili, juu ya chemba, pale risasi inapokaa, pamegongwa 1917. Picha ya tatu, juu ya kile kiungo kinachojikunja kama goti, pana taji na chini yake neno ERFURT. Hicho kilikuwa kiwanda cha serikali ya Ujerumani, na kazi yake ilikuwa silaha za jeshi la nchi kavu. Sasa hesabu nami. Königsberg iliipiga Pegasus asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, ikaenda kujificha Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na meli za Waingereza, Wajerumani wenyewe wakaizamisha kule kule mtoni. Bastola ya kaka ilikuwa bado haijazaliwa. Mabaharia wa Pegasus waliozikwa kisiwani Chapwani walikuwa wameshalala zaidi ya miaka miwili.

Na hata tukiuacha mwaka, wanamaji wa Kijerumani walikuwa na Luger yao: mtutu wa milimita 150, na shabaha ya nyuma inayosogezwa baina ya mita 100 na mita 200. Hii ni ya milimita 100, ile ya jeshi la kawaida. Kaka achukue rula apime.

Muuzaji akibanwa hapo najua atakimbilia wapi. Atasema basi ilikuwa ya mtu wa Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi la Wajerumani kule bara. Meli ya mwisho ya msaada kuwafikia watu wale, Marie, iliingia Sudi mwezi wa Machi 1916. Novemba 1917 Ujerumani ikarusha puto kubwa la injini, L59, liwapelekee risasi na dawa. Likafika juu ya Sudan likageuza. Hiyo ya 1917 iliwafikiaje? Kwa punda? Mimi nimeuza vitu vya kale miaka mingi na kila kitu kibovu kilichoingia dukani kwangu kilikuja na hadithi nzuri. Muhuri hugongwa kwenye chuma. Kwenye hadithi haugongwi. Kama muuzaji ana karatasi ya wakati ule yenye namba ya bastola, aioneshe. Kama hana, kaka asilipe hata senti moja kwa ajili ya Königsberg.

Sasa chuma chenyewe. Hapa nisikilize vizuri, maana si ya bandia. Ni Luger ya kweli, ya Erfurt kweli. Lakini imeguswa.

Bastola hizo zilitiwa rangi kwa kutu. Sisi watu wa pwani kutu ni adui wa kila siku, wao waliipandisha makusudi, wakaichemsha, wakaisugua, wakarudia, mpaka chuma kikatulia kwenye buluu iliyokoza, karibu na nyeusi. Vile vipande vidogo, kama kifyatulio na kile kijiti cha usalama cha ubavuni, havikutiwa rangi hiyo. Vilipashwa moto mpaka vikageuka manjano ya asali, rangi ambayo mhunzi yeyote wa visu ameiona chuma kinapoanza kupata moto. Tazama picha ya kwanza. Kifyatulio cheusi, kijiti cheusi, kila kitu cheusi tii kama sufuria ya mkaa. Huyo kachovywa mzima mzima, na si 1917.

Kisha zitazame kingo. Kwenye picha ya tano, ukingo wa juu wa chemba ulipaswa kuwa mkali, uvute mwanga kama mstari wa uzi. Huu umeviringika kama sabuni iliyotumika wiki mbili. Na zile alama ndogo za ubavu wa kulia, herufi zenye taji juu yake ambazo wakaguzi waligonga bastola ilipokubaliwa, zimebaki kama nyayo za kuku kwenye mchanga baada ya maji kupita. Aliyeing'arisha alitumia gurudumu, na gurudumu halijui herufi.

Namba nazo. Mbele ya fremu, chini ya mtutu, nasoma 6143, na ubavuni 6143. Vipande vidogo huchukua tarakimu mbili za mwisho, kwa hiyo kila mahali tutarajie 43. Kiungo cha juu kina 43, vizuri. Bamba la ubavu lina 70. Limetoka kwenye bastola nyengine. Kitako cha magazini, kile kisanduku cha risasi, ni cheupe cha aluminiamu. Za vita vya kwanza zilikuwa na kitako cha mti, chenye namba. Na mwambie kaka asitishike na 8,83 iliyoko chini ya mtutu: hicho ni kipenyo cha tundu, si namba iliyokosewa.

Kwa hiyo ni bastola ya kweli iliyopoteza uasili wake. Mkusanyaji makini angeipita aende kwa bastola nyingine iliyochakaa, rangi imemwagika nusu, lakini kingo kali na namba zote zinalingana. Kaka akiipenda hivyo hivyo, ailipie bei ya chini ya zile nyingine alizoziona. Kabla ya hapo aombe picha moja tu zaidi: skrubu mbili za mpini zifunguliwe, mbao zigeuzwe, tuone ndani kumegongwa ngapi. Na aitazame chemba kwanza kama haina risasi. Akija likizo aiache huko huko. Bastola haivuki bahari kama mkebe wa halua, na mwenye kuishika hapa bila kibali polisi watamtafuta nyumbani.

Nina uchungu na mambo haya kwa sababu nimeyafanya mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza dukani nililipata kasha la njumu, la msaji, la zamani hasa. Nikalisugua kwa ukwaju na mchanga siku tatu, njumu zikawaka, nikamalizia na vanishi. Mteja aliyekuwa ameahidi kulichukua akaja, hakusema neno. Akapitisha kidole gumba ukingoni, akapitisha tena juu ya njumu zilizolala bapa, akanishukuru kwa kahawa, akaondoka. Lilikaa dukani miaka sita, mke wangu akaweka humo shuka.

Kasha la bibi yenu lifuteni vumbi kwa kitambaa kikavu, mnipigie picha na sehemu ya chini. Hiyo vanishi irudisheni dukani kama bado haijafunguliwa.